Tafakari ya CPD: jirekodi sauti siku hiyohiyo

Hii ni kwa manesi wa meno wenzangu mlioko Uingereza. GDC, lile baraza linalotusimamia watu wa meno, wanataka saa 50 za CPD (mafunzo ya kujiendeleza kazini) zenye cheti kila miaka 5, na zisipungue 10 katika kila miaka 2 mfululizo, saa zenyewe wala sio shida, shida ni ile tafakari ya kuandika umejifunza nini, maana wengi tunaiacha mpaka Julai mzunguko unaisha halafu tunaandika "nimejifunza mengi" kama kadi ya harusi. Fanya hivi: siku ya kozi, ukiwa bado kwenye basi, jirekodi dakika moja useme kitu KIMOJA utakachobadilisha kazini na utaanza lini. Mimi baada ya kozi ya usafishaji vyombo nilisema kuanzia Jumatatu vyombo havikaukii kwenye trei, mgonjwa akitoka tu navipulizia dawa ya kulowanisha, damu ikishakauka kuitoa ni kazi. Wiki mbili baadae jisikilize, andika mistari mitatu tu, nilifanya au sikufanya, na nini kilinikwamisha. Mimi chupa ilikuwa inakaa chumba kingine, nikaihamisha, basi tafakari ndo hiyo. Inasaidia sababu unaandika kitu kilichotokea kweli, hutungi. Ila kama cheti hakina idadi ya saa au tarehe hapo hata uandike kitabu hazihesabiwi, kidai kabla hujatoka ukumbini. Na jina la mgonjwa usilitaje kwenye rekodi, simu zinaibiwa jamani.