Spageti Imalizie Kuiva Ndani ya Sosi

Binamu yangu kahamia Nairobi, na malalamiko yake ni yaleyale ninayoyasikia Dar: spageti imeshikana bonge moja, sosi imekaa juu peke yake, chini ya sahani maji mekundu. Nilimwelekeza kwa simu, yeye akiwa jikoni. Nimeyapanga hapa kwa wengine wenye shida hiyo.

Hatua ya 1: Pakiti

Igeuze usome viambato. Unatafuta semolina ya ngano ya durum, ile ngano ngumu. Zipo za bei nafuu za unga wa ngano wa kawaida. Zinalika, ila ukigeuka tu kumenya kitunguu zimeshakuwa uji. Bora upunguze nyama, hela uiongeze kwenye pakiti.

Hatua ya 2: Sosi kwanza

Vitunguu, saumu, nyanya, nyama ya kusaga ukipenda. Hapa hunihitaji. Kaanga nyanya hadi mafuta yajitenge, na chumvi iwe pungufu ya ulivyozoea. Viungo vya mchuzi vya pakiti acha kabisa, vina chumvi yake. Tumia kikaango kipana kitakachopokea spageti yote. Sosi iwe tayari, moto mdogo, kabla spageti haijaingia majini.

Hatua ya 3: Maji

Kwa pakiti ya gramu 500, lita tatu. Kanuni ya Waitaliano ni lita moja kwa kila gramu 100, lakini lita tano kwenye mtungi mdogo wa gesi ni anasa, na maji machache hubaki na wanga mzito tutakaouhitaji. Funika hadi yatokote kwa nguvu, weka chumvi kijiko kimoja na nusu cha chakula, kisha spageti. Usiivunje, ikilainika chini isukume, itazama yenyewe. Dakika mbili za mwanzo koroga bila kuondoka, maana hapo ndipo inaposhikana. Usifunike tena, itafurika.

Mafuta ndani ya maji? Hapana. Yanaelea tu, na ukichuja yanaipaka spageti, sosi inateleza.

Hatua ya 4: Kuitoa na kuimalizia

Hapa ndipo tulipokaa kwenye simu muda mrefu.

Dakika za kwenye pakiti zichukulie kama makisio. Dar, usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 100. Nairobi iko mita kama 1,800 juu ya bahari, na huko huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Yanatokota vilevile kwa macho, ila joto ni pungufu, kwa hiyo spageti inachelewa. Binamu alikuwa akifuata dakika za pakiti, anakuta kiini kigumu, anairudisha majini na kuisahau. Kuongeza moto hakusaidii. Maji yanakauka upesi tu.

Tumia meno. Dakika mbili kabla ya muda wa pakiti, toa uzi mmoja, uume, utazame ulipokatika. Ukiona kidoti cheupe katikati na nje pamelainika, itoe. Ndiyo, bado haijaiva. Kama kidoti ni kinene, subiri dakika moja uonje tena. Huko milimani utaonja zaidi ya mara moja. Zile za ngano ya kawaida zitoe mapema zaidi.

Kabla ya kuchuja, chota vikombe viwili vya maji yale meupe. Watu wanayamwaga kwenye sinki, nami huumia! Usiisuuze spageti kwa maji baridi, labda kama ni ya saladi. Unaosha wanga wote.

Sasa spageti ndani ya sosi, moto wa juu, na nusu upawa wa maji uliyochota. Geuza kwa uma mbili au koleo, mfululizo. Wanga unayaunganisha maji na mafuta ya sosi, yanakuwa kitu kimoja kinachong'aa na kuganda kwenye kila uzi. Ikikauka kabla ya kuiva, ongeza nusu upawa mwingine. Sosi ikiwa nyepesi tangu mwanzo, maji weka kidogo sana, iache ikauke. Ukipikia watu wengi na kikaango ni kidogo, gawa mara mbili; ukijaza, utakuwa unachanganya tu, hupiki. Onja chumvi mwisho, kwa sababu maji yale nayo yana chumvi.

Sosi ya tui la nazi ina utaratibu wake: malizia kwa tui jepesi, zima moto, ndipo utie tui zito. Likitokota sana linakatika.

Hatua ya 5: Kupakua

Mara moja. Jaribu na ndizi mbivu pembeni kama Wasomali, ambao baasto (pasta) yao ilitokana na kutawaliwa na Italia. Utamu wake unaipendeza sosi yenye pilipili.

Kiporo pasha kwenye kikaango na maji kidogo, umefunika, moto wa chini.