Jinsi ya kudai ukuu wa ukoo Uskoti

Kwanza elewa kinachorithiwa: nembo ya ukoo isiyo na alama yoyote ya ziada. Ndugu wengine hubeba nembo hiyo ikiwa imebadilishwa, pengine kwa ukingo wa rangi kuizunguka ngao. Anayetambuliwa kwenye ile kamili ndiye mkuu, na mwenye kauli ni Lord Lyon, afisa anayesimamia nembo Uskoti, ofisi yake ikiwa Edinburgh.

Chora nasaba kutoka kwa mkuu wa mwisho hadi kwako, kila kizazi kikiwa na cheti cha kuzaliwa, ndoa au kifo. Kwa miaka ya nyuma tafuta daftari za parokia. Hapa ndipo madai mengi hukwama. Simulizi za babu hazitoshi.

Halafu jina. Lazima ubebe jina la ukoo peke yake. Majina mawili yaliyounganishwa kwa kistari hayakubaliki. Katika koo nyingi mwanamke hurithi pia: Flora MacLeod aliongoza ukoo wa MacLeod tangu 1935 hadi alipofariki 1976, na mjukuu wake kwa binti, aliyezaliwa Wolrige-Gordon, alichukua jina la MacLeod ndipo akamrithi.

Mrithi asipojulikana, ndugu huitisha baraza na kupendekeza kamanda, yaani kiongozi wa muda. Lord Lyon humteua kwa miaka 5. Miaka 10 ikipita bila mwenye damu kujitokeza, ukoo unaweza kuomba mkuu mpya. Ila msikate tamaa mapema: ukoo wa Buchanan, uliokosa mkuu tangu 1681, ulipata mrithi wa nasaba mwaka 2018.