Kupima moduli ya Young ya waya wa feleji

Moduli ya Young ni kipimo cha jinsi chuma kinavyokataa kurefuka kikivutwa. Tundika nyaya mbili, si moja. Zote zitoke bunda moja, kipenyo milimita 0.40, urefu mita 2, na zifungwe kwenye boriti moja. Mmoja ni wa kulinganishia tu na hubeba kilo 1 muda wote. Wa pili ndio unaopimwa. Boriti ikilemewa, nyaya zinashuka pamoja. Joto likipanda, zinarefuka pamoja. Usilidharau joto: nyuzi 5 tu za Selsiasi hurefusha waya huo kwa milimita 0.12 hivi, wakati nusu kilo huurefusha kwa 0.39.

Chini ya nyaya kuna fremu mbili, pima maji imelazwa juu yake, na skrubu ya maikromita inayosoma hadi milimita 0.01. Weka kilo 1 kwenye waya wa kipimo pia, na sifuri yako ianzie hapo. Bila hivyo, mzigo wa kwanza utanyoosha mikunjo badala ya kuvuta chuma.

Ongeza nusu kilo mara nne. Kila mara subiri dakika moja, zungusha skrubu mpaka kiputo cha pima maji kirudi katikati, kisha soma. Zungusha kwa upande uleule, la sivyo ulegevu wa hesi utaingia kwenye vipimo. Vaa miwani na weka ndoo ya mchanga chini ya mzigo. Waya ukikatika hurudi kama mjeledi.

Sasa punguza mzigo, ukisoma tena. Usomaji usiporudi ulipoanzia, ama waya umepita kikomo cha unyumbufu (mvuto ambao ukizidi, waya haurudi tena urefu wake) ama umeteleza kwenye kibano. Ndiyo maana kabla ya kuanza unatia alama ya rangi pale waya unapotokea kibanoni: ikisogea, kosa ni la kibano.

Kipenyo kipime sehemu sita, kila sehemu pande mbili zinazopishana kwa nyuzi 90. Kosa la milimita 0.01 hapa ni asilimia 5 ya eneo la mkato wa waya.

Chora ongezeko la urefu dhidi ya uzito. Hapa E ni moduli ya Young, g ni mvutano wa dunia, L ni urefu wa waya, na A ni eneo la mkato wake. Mteremko ukiwa milimita 0.78 kwa kilo:

E = gL ÷ (A × mteremko) = (9.81 × 2) ÷ (1.257×10⁻⁷ × 0.78×10⁻³)

Ni takriban gigapaskali 200. Ukipata 180 au 220, rudia kipenyo kwanza. Ukipata 50, umeweka kipenyo mahali pa nusu kipenyo.