Jinsi ya kutengeneza dastibini linalopigiwa kura na linaloongea, kwa ajili ya chuo chenu

Hii nawaandikia wenzangu wa vyuo vya hapa Bagamoyo, na wa Tanga pia maana chumvi na upepo wa bahari ni uleule. Mapipa chuoni yapo, ila chupa na vifuko vya karanga viko chini, tena hatua chache tu kutoka kwenye pipa, alafu watu wanakimbilia kusema wanafunzi hawana ustaarabu. Mi naona pipa lenyewe ndo shida, limewekwa kona, mfuniko hutamani kuushika, na ukitupa kitu mle hakuna chochote kinachotokea. Tunaweza kulitengeneza pipa ambalo mtu anataka kulitupia, na sio lazima uwe fundi umeme.

Kabla hujanunua hata msumari, chukua daftari upite chuo kizima asubuhi mapema kabla wafagiaji hawajaanza, hesabu taka zilizoko chini, andika ni taka gani na ziko wapi. Utakuta haziko kila mahali, zinajirundika sehemu zilezile: njia ya kutoka kantini, mlangoni kwa darasa kubwa, chini ya mwembe watu wanapokaa kusubiri kipindi, pale bodaboda wanaposhusha abiria. Mtu ananunua mihogo getini, anakula huku anatembea, na kifuko kinabaki mkononi kitupu mahali flani, hapohapo anapomalizia ndo pipa linatakiwa liwepo. Hizo hesabu zitunze vizuri, tutazirudia.

Sasa pipa la kwanza, na kwa kweli ningekuwa na hela ya pipa moja tu ningejenga hili: pipa la kura. Halina betri wala waya. Mwaka 2015 kule London watu wa Hubbub, shirika la mazingira, waliweka kisanduku cha vipisi vya sigara chenye matundu mawili na swali, nani mchezaji bora duniani, Ronaldo au Messi, mvutaji anapiga kura kwa kipisi chake. Sisi swali letu tunalo tangu tunazaliwa, Simba au Yanga. Unaunganisha mapipa mawili kwenye fremu moja, upande wa mbele unaweka akriliki, ile plastiki ngumu inayoonyesha ndani, ili watu waone kura zinavyopanda, moja unalipaka nyekundu na nyeupe, lingine kijani na njano, mtu anajua kinachoendelea akiwa mbali hata hajasoma maandishi. Tundu likate la duara, kipenyo kama sentimita 10 au 11, chupa ya lita moja na nusu inapita na ile ndogo inapita, ila sahani ya chipsi haipiti, na tundu la duara lenyewe linamwambia mtu hapa ni pa chupa. Ndani weka kiroba ili kukiwa kumejaa unakitoa kizima, na chupa zikiwa peke yake bila mabaki ya chakula wanaonunua plastiki kwa kilo wanazichukua kwa furaha. Taka nyingine wekea pipa la kawaida pembeni yake, usipoweka watazisokomeza hukohuko.

Mtu atauliza je wakidanganya kura? Waache! Shabiki akizunguka chuo kizima anaokota chupa ili timu yake iongoze si ndo tunachokitaka. Ila maswali ya kisiasa na ya uchaguzi wa serikali ya wanafunzi msiyaguse, pipa litapigwa teke usiku. Na swali libadilike kila wiki maana likizoeleka linakufa: singeli au taarabu, chapati au maandazi, mechi ya Jumamosi inaishaje. Tengeneza kibao cha kuchomeka na kuchomoa, usichore swali kwa rangi ya kudumu.

Pipa la pili ndo lile la sauti, hili watu wanalipenda sana kwenye video. Mwaka 2009 Stockholm waliweka pipa ambalo ukitupa kitu unasikia kinaanguka muda mreeefu kama limechimbwa hadi kuzimu, waliolitengeneza walisema siku moja liliingiza kilo 72, kilo 41 zaidi ya pipa la kawaida la karibu. Kulitengeneza unahitaji Arduino (kibodi kidogo cha elektroniki unachokiandikia programu), sensa ya HC-SR04 inayopima umbali, kimoduli cha DFPlayer Mini cha kupiga sauti, chenye memori kadi yenye sauti za mp3, na spika ndogo. Sensa inatuma mlio ambao sikio halisikii, inasubiri mwangwi, ukichukua muda wa mlio kwenda na kurudi kwa mikrosekunde (sehemu ya milioni ya sekunde) ukagawa kwa 58 unapata umbali kwa sentimita. Unaiweka ndani kwenye koo la pipa ikiangalia ukuta wa pili, kitu kikikatiza umbali unapungua ghafla na sauti inalia. Isiangalie nje kabisa, la sivyo litalia kila mtu akipita na baada ya siku mbili hamna atakayelijali, sauti lazima iwe ya aliyetupa.

Hapa kuna kitu wengi kinawapita. Sensa hii inashauriwa ipime kila baada ya milisekunde 60 hivi, na kifuko au chupa ikianguka wima inakatiza haraka sana, inaweza kupita katikati ya vipimo viwili bila kuonekana. Dawa ni kuweka ubao wa mteremko chini ya mdomo wa pipa, taka inateleza polepole mbele ya sensa. Sensa za mwanga nazo zipo ila chupa zinazopitisha mwanga zinazisumbua, ndo maana mi nabaki na ya mlio. Sauti sasa, tuko Bagamoyo bwana, mji wa TaSUBa, ile taasisi ya sanaa na utamaduni, omba wanafunzi wa ngoma wakurekodie mdundo mfupi wa sekunde tatu, au bibi mwenye lafudhi tamu ya pwani aseme "ahsante mwanangu". Weka kama kumi hivi zije bila mpangilio, yani mtu atatupa tena asikie inayofuata.

Umeme: Arduino Uno inakula kama miliampia 50 muda wote hata kama imekaa tu, kwaiyo betri ya miliampia-saa 2000 haimalizi siku mbili, weka kisola kidogo juu na swichi ya kuzima usiku. Kila sehemu uliyounga waya kwa risasi ya kuyeyusha (soda ya waya) paka rangi ya kucha isiyo na rangi, chumvi ya hapa inakula waya kimyakimya. Fremu ya bati itaoza, tumia mbao iliyopakwa vanishi au mabomba ya plastiki. Mdomo uwe ubavuni chini ya kipaa, sio juu, masika yakianza Machi pipa la wazi linageuka kisima, na kunguru wetu mnawajua, wakiona mfuko wa mabaki ya samaki watautoa wote nje.

Kama hela hamna kabisa pakeni nyayo za kijani chini kuelekea kwenye mapipa yaliyopo. Copenhagen walijaribu na taka za chini zikapungua kwa asilimia 46, na gharama ni kopo la rangi.

Baada ya mwezi rudi na lile daftari, asubuhi ileile, njia ileile, hesabu tena zilizoko chini. Usipime kilo za ndani ya pipa peke yake, maana zinaweza kuwa zimehama tu kutoka pipa la jirani. Na kabla ya kuzindua kaeni na mama zetu na kaka zetu wa usafi, wao ndo wataliinua kila siku, waulizeni mlango wa nyuma ufungukie upande gani, kiroba kikijaa kinatokaje, ufunguo unakaa kwa nani Jumamosi na Jumapili. Jibu lao likigongana na mchoro wako, badilisha mchoro.