Ulimi na Uso Vikivimba Ghafla: Mwongozo kwa Wahudumu wa Vituo vya Afya

Mgonjwa akishushwa kwenye boda mlangoni, midomo imefura, ulimi umejaa mdomoni hadi alama za meno zinaonekana pembeni mwake, usianze na kuandikisha jina. Mwambie aongee. Midomo ikivimba hata iwe ya kutisha haimuui mtu. Kinachoua ni uvimbe usiouona, nyuma ya ulimi na kwenye koromeo. Sauti ndiyo itakayokuambia: anaongea kama mtu aliyejaza posho mdomoni, au sauti imekauka ghafla. Mate yanamchuruzika kwa kuwa hawezi kuyameza. Anakataa kulala chali. Akivuta pumzi unasikia mlio mwembamba kooni. Ukiona hata dalili moja kati ya hizi, mwenzako apige simu ya rufaa papo hapo, wewe ukiendelea kutibu.

Mwache akae anavyotaka mwenyewe, ameinama mbele. Ukimlaza, ulimi utarudi nyuma na kuziba njia. Anayezimia kwa presha kushuka ndiye wa kulazwa na kuinuliwa miguu, wala asisimamishwe ghafla. Mpe oksijeni lita 10 hadi 15 kwa dakika, kwa barakoa yenye mfuko.

Adrenalini kwanza

Ampuli ya kawaida ina ml 1 yenye mg 1, nayo imeandikwa 1:1000. Mtu mzima, na mtoto aliyepita miaka 12, apewe ml 0.5. Wa miaka 6 hadi 12, ml 0.3. Chini ya miaka 6, ml 0.15. Tumia sirinji ya ml 1, kwa sababu kwenye sirinji ya ml 5 ni rahisi kukosea kipimo kidogo namna hii. Choma katikati ya paja, upande wa nje, sindano ikiwa wima hadi kwenye msuli. Kama suruali inakuchelewesha, choma kupitia nguo. Kalio lina mafuta mengi na dawa itakwama humo; chini ya ngozi inaingia polepole mno. Usiisukume ampuli hii kwenye mshipa: mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika na ukampoteza mgonjwa ambaye angepona. Dakika 5 zikipita bila nafuu, rudia kipimo kilekile.

Presha ikiwa chini, fungua dripu ya maji ya chumvi: ml 500 hadi 1000 kwa mtu mzima, ml 10 kwa kila kilo kwa mtoto. Kifua kikibana, ongeza salbutamoli, dawa ya kufungua njia za hewa.

Kosa la kawaida ni kuanza na haidrokotisoni (dawa ya steroidi) na piriton (dawa ya mzio), kisha kukaa kusubiri. Haidrokotisoni mg 200 huchukua saa kadhaa kufanya kazi. Piriton hupunguza muwasho, lakini haifungui koo. Zipe baadaye ukipenda, bora adrenalini iwe imeshaingia.

Je, anawashwa? Anakunywa dawa gani ya presha?

Maswali haya mawili hutenganisha magonjwa mawili yanayofanana kwa macho. Uvimbe wa mzio huja ndani ya dakika chache hadi saa mbili baada ya kitu fulani: karanga, samaki, nsenene, kuumwa na nyuki, sindano ya penisilini, diklofenaki. Mara nyingi ngozi inawasha na ina mabaka yaliyoinuka. Huu husikia adrenalini.

Wa pili hauwashi wala hauna mabaka. Unakua taratibu kwa saa kadhaa, na mara nyingi chanzo ni dawa za presha kama enalapril, captopril au lisinopril. Dawa hizi huzuia kimeng'enya kinachovunja bradikinini, kemikali ya mwili inayotanua mishipa, na bradikinini ikirundikana mishipa midogo huvuja maji. Watu weusi hupatwa zaidi kuliko wengine. Usidanganyike mgonjwa akisema, “Hii dawa nimeinywa miaka mitatu bila shida.” Unaweza kuanza wiki ya kwanza au baada ya miaka. Akija na kibahasha kilichoandikwa “1x1” tu, bila jina la dawa, mpigie aliye nyumbani asome pakiti.

Usipokuwa na uhakika ni upi kati ya hiyo miwili, choma adrenalini. Ila uvimbe wa enalapril kwa kawaida hauisikii, na kurundika haidrokotisoni juu yake ni kupoteza muda. Mhamishe mapema, angali anaweza kuongea, aende penye mtaalamu wa usingizi na chumba cha upasuaji, na muuguzi aandamane naye na oksijeni. Asidi ya traneksamiki, ileile ya akina mama wanaovuja damu baada ya kujifungua, inaweza kujaribiwa: g 1 kwenye mshipa kwa dakika 10. Ushahidi wake ni mdogo, kwa hiyo isikucheleweshe kumsafirisha. Hospitalini, plazma iliyogandishwa ni njia nyingine. Kuweka mrija kooni ni kazi ya mwenye uzoefu zaidi aliyepo, na shingo iwe imeshaandaliwa kukatwa ili kufungua njia ya hewa, kabla mgonjwa hajapewa dawa ya kulegeza misuli. Akishalegezwa na mrija ukakataa kupita, hana tena pumzi yake mwenyewe.

Angalia pia kama si jambo jingine. Homa, jino bovu na uvimbe mgumu chini ya kidevu ni usaha unaosambaa: anahitaji antibayotiki na upasuaji, na njia yake ya hewa iko hatarini vilevile. Mtoto anayeamka macho yamevimba kila asubuhi, pima protini kwenye mkojo, maana huenda shida ni figo.

Kabla hajarudi nyumbani

Wa mzio aliyepona vizuri abaki angalau saa 6. Aliyehitaji sindano mbili, mwenye pumu, au anayekaa mbali, alale hadi kesho, kwa sababu uvimbe unaweza kurudi. Wa enalapril huchukua siku moja hadi tatu kupungua. Dawa hiyo na ndugu zake wote wenye “pril” mwishoni zisimamishwe maisha yake yote, apewe amlodipini. Andika kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la daftari lake la matibabu, juu kabisa. Kisha mwambie ndugu aliyemleta alitaje jina la dawa hiyo mbele yako mpaka alishike, kwa kuwa dukani huenda wakamuuzia bila kulifungua daftari.