Namna ya Kuandika Juu ya Dodoma Unayoipenda

Mtu anayetaka kuandika kwamba anaipenda Dodoma hukutana na kikwazo mapema, kwa sababu jiji hili limekwisha kuelezwa mno kwa lugha ya hotuba. Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua makao makuu ya nchi yahamie hapa, mwaka 2016 Serikali ikaanza kuhamia kwa kasi, na tarehe 26 Aprili 2018 mji ukatangazwa kuwa jiji. Yote hayo ni kweli, lakini andiko likianzia hapo msomaji huona taarifa, haoni mapenzi. Ziweke tarehe hizo kando, na uzirudie pale tu zitakapomgusa mtu unayemwandika, kwa mfano jirani ambaye shamba lake la uwele lilipimwa viwanja.

Kisha chagua mahali padogo, unapoweza kupazunguka kwa miguu ukarudi kabla chai haijapoa: kona moja ya soko la Majengo, kichochoro cha Chang'ombe, au mnada wa Msalato siku ya Jumamosi, moshi wa nyama ukiwa umetanda. Mkiwa waandishi kadhaa mnaokusanya maandiko pamoja, gawaneni maeneo kabla ya kushika kalamu. Bila hivyo wote mtaandika juu ya Nyerere Square, na mtakuwa mmeandika jambo moja mara saba.

Mahali hapo pataka kutembelewa kiangazi na masika. Dodoma ya Agosti ni upepo wa asubuhi unaomfanya mtu avae sweta na vumbi linaloingia hata ndani ya kabati lililofungwa. Dodoma ya Januari, mvua ikiwa imenyesha, ni majani mabichi yaliyochipuka ghafla na akina mama wakichuma mlenda. Anayeandika kwa kumbukumbu ya msimu mmoja huandika nusu ya jiji. Hata zabibu, ambazo kila mgeni huzitaja, zitakupa maneno mapya ukimsikiliza mkulima wa Makutupora akieleza kwamba mzabibu hukatiwa ili uchipue upya, na kwamba ukame huu tunaoulalamikia ndio unaouwezesha kuzaa mara mbili kwa mwaka.

Kuhusu kulalamika, usijizuie. Mgeni husifu, mwenyeji hulaumu kodi ya nyumba iliyopanda na bomba linalokauka, kisha akisikia mtu wa Dar es Salaam akisema hivyo hivyo anakasirika. Hasira hiyo ndiyo mapenzi yenyewe, na ukiweza kuiandika jinsi ilivyo, huna haja ya kutaja neno "napenda" hata mara moja. Mimi niliwahi kuandika kurasa tatu juu ya mandhari ya mlima Mlimwa, na mzee mmoja aliyezisoma aliniuliza jambo moja tu: watu wamekwenda wapi?

Hadithi ya tembo aliyezama kijitoni, ambayo wengi huitoa kuwa asili ya jina la mji kutokana na neno la Kigogo idodomya, yaani imezama, imechoka kwa kurudiwa. Ukiona ni lazima iwemo, iweke kinywani mwa anayeisimulia, na kigugumizi chake na mabishano ya wanaomsikiliza. Maneno ya Kigogo yaache yasimame bila kutafsiriwa kila mara. Anayesalimiwa "mbukwenyi" ataelewa kwamba amesalimiwa. Ukiandika juu ya muziki, sema ni zeze la nyuzi au ni ilimba inayopigwa kwa vidole gumba, kwa maana msomaji aliyewahi kumsikia mwanamuziki wa Kigogo Hukwe Zawose atajua mara moja kama ulikuwepo au ulibahatisha.

Msiwafungie mlango waliohamishiwa hapa kikazi. Wapo wanaopanda treni ya umeme kila Ijumaa jioni kurudi Dar es Salaam, na andiko la yule ambaye Ijumaa moja aligundua kwamba hataki kupanda linaweza kuwa bora kuliko letu sisi wazaliwa.

Andiko likikamilika, badilisha majina ya watu wasio wa hadharani, kisha lisome kwa sauti mbele ya mkazi wa mtaa ule ule. Akikukatiza kusema kwamba njia ya kutoka Uhindini kwenda stesheni haipiti hapo ulipoandika, sahihisha kwanza, ndipo uendelee kusoma.