Baraza ya simenti kavu nyuma ya nyumba

Jamani kama unataka kujimwagia kibaraza nyuma ya nyumba bila kukoroga zege, inawezekana, mi nimefanya hapa Jinja, Uganda. Unachimba, unashindilia moramu mpaka mguu usizame, unafunga mbao pembeni kina cha inchi 4 hivi na kaulalo kidogo maji yakimbie ukuta, alafu unachanganya simenti, mchanga na kokoto ndogo vikiwa vikavu kabisa, unamwaga, unavuta ubao ulionyooka juu mpaka pawe sawa.

Sasa kazi iko kwenye maji. Mi mara ya kwanza nilifungulia mpira tu, pakatoboka vishimo kama kuku wamedonoa, simenti ikakimbilia pembeni kokoto zikabaki uchi. Tumia lile bomba la mgongoni la kupulizia shamba (lioshe vizuri bana!), pulizia kama umande tu, ngoja kama saa moja, rudia, mara tatu nne hivi, uso ukishakaza ndo unamwaga maji mengi yashuke mpaka chini, na hata kesho yake unaongeza. Usiguse na mwiko, utaharibu.

Mchanga ukitoka ziwani mbichi uanike kwanza, na usijaribu mwezi wa nne na hizi mvua, au uwe na kavera (karatasi ya nailoni) kubwa karibu. Funika, lowesha siku 7. Ila ni ya viti na jiko la mkaa tu, boda au gari usipandishe, haina nguvu kama zege la kukoroga.